Mungu wa Mguu Mmoja: Dini, Ushirikina na Milima ya Rwenzori na Japani

Hakuna jamii isiyotofautisha dini na ushirikina, na ni nadra jamii mbili zikakubaliana mpaka huo upite wapi. Anayepeleka kuku mlimani kutambika huitwa mshirikina na jirani yake aendaye kanisani, na huyo jirani naye, akionekana amening'iniza rozari kwenye pikipiki ili imwepushe na ajali, huitwa jina hilohilo na msomi aliyetoka mjini. Nchini Uganda suala hili limepata hata sura ya kisheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, iliyotungwa wakati wa utawala wa Waingereza na kuachwa iendelee baada ya uhuru, inamwadhibu mtu anayewatishia wenzake kwa uchawi, lakini inapoeleza uchawi ni nini inaiacha nje ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema, na vilevile utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji unaofanywa kwa nia hiyohiyo. Watunzi wake, ambao hawakuwa na mapenzi makubwa na mizimu ya Waafrika, walitambua hata hivyo kwamba mzee anayetambika kwa ajili ya mvua na mtu anayemtishia jirani kwa kifo hawawezi kuwekwa kizimba kimoja. Kipimo cha nia njema walikiacha mikononi mwa hakimu.

Kipimo hicho kinastahili kutafutwa, na Kasese ni mahali pazuri pa kukitafutia. Wilaya hiyo imekaa chini ya mlima Rwenzori, ambao kilele chake kirefu kabisa, Margherita, kina mita 5,109 na hubeba theluji ingawa kiko karibu na ikweta. Bwera, mji wa upande wa kusini-magharibi wa wilaya, umepakana na kituo cha mpakani cha Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchini Congo. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Congo ni watu wa asili moja, na wengi wao hujiita Wayira. Wengi leo ni Wakristo: Kanisa Anglikana lina Dayosisi ya Rwenzori Kusini tangu mwaka 1984, Wakatoliki wana Jimbo la Kasese tangu mwaka 1989, na Wasabato na Waislamu nao wana maskani yao ya muda mrefu. Chini ya majina hayo yote ya dini, au pembeni yake, kuna mlima wenye wakazi wengine.

Katika mapokeo ya Wakonzo, Nyamuhanga ndiye muumba. Nzururu, yaani theluji yenyewe, huhesabiwa kuwa baba wa mizimu mikubwa, na watoto wake ni Kithasamba, mwenye enzi ya vilele, na Nyabibuya, ambaye uzazi na ustawi wa watoto viko chini yake. Mitoni yumo Ndyoka, anayeogopwa kwa maradhi na kwa watu wanaozama. Nyabarika ana uwezo wa pande mbili, kwani huponya na kuua, hutoa uzazi na kuufunga, huubariki msako wa mnyama na kuuharibu, na humjia mtu ndotoni pale anapotaka jambo. Na ndani ya msitu, kati ya mashamba ya migomba na eneo la theluji, yuko Kalisya, ambaye vitabu vingine humwandika Kalisa, mwenye wanyama wote wa porini.

Huyu Kalisya anahitaji kutazamwa kwa karibu. Ni nusu mtu, kana kwamba mwili wake ulipasuliwa kuanzia utosini hadi chini na upande mmoja tu ukabaki, kwa hiyo ana jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja na nusu ya pua. Wawindaji walimjengea yeye na Nyabarika vijumba viwili vya nyasi, vidogo kiasi kwamba mtu mzima asingeweza kuingia, vikiwa vimesimama jozi msituni, na huko ndiko sehemu ya nyama ya windo ilikowekwa. Mantiki ya tendo hilo si ngumu kufuatwa. Mnyama ana mwenyewe, na mwindaji ni mtu aliyeruhusiwa kuchukua kidogo kutoka katika zizi la mwingine, hivyo anaporudisha sehemu ya nyama hanunui bahati bali anakiri deni. Asiyekiri, mapokeo yanasema, atarudi mikono mitupu au hatarudi kabisa.

Umbali wa maelfu ya kilomita kutoka hapo, katika rasi ya Kii nchini Japani, wakazi wa milimani walisimulia habari za Ippon-datara, kiumbe mwenye jicho moja na mguu mmoja anayeacha alama za mguu huo juu ya theluji, na ambaye siku ya tarehe 20 ya mwezi wa Desemba hakuna mtu aliyestahili kuingia mlimani kwa sababu yake. Kaskazini zaidi, katika mikoa ya Tōhoku, wawindaji wa jadi waitwao Matagi walishika masharti ya mungu wa mlima, yama-no-kami, ambaye mara nyingi ni mwanamke, tena mwenye wivu. Walipokuwa mlimani waliacha lugha ya kijijini na kutumia msamiati wa pekee, waliiogopa hesabu ya watu kumi na wawili kwa sababu hiyo ni hesabu yake yeye, na walibeba samaki mkavu aitwaye okoze, mwenye sura mbaya kupindukia, kwa imani kwamba mungu huyo hufurahi akiona kuna kiumbe mbaya kumzidi. Mwindaji humfunga samaki huyo kwa karatasi, akafunua kipande tu, akaahidi kwamba atamwonyesha mzima mungu akishampa mnyama. Ni vigumu kuamua kama huo ni unyenyekevu au ujanja wa sokoni, na huenda Matagi wenyewe hawakuona haja ya kuchagua.

Mfanano wa Kalisya na Ippon-datara usimfanye msomaji akimbilie kubuni safari za kale za watu au asili moja iliyosahaulika. Wakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, ambapo Bwambale ni mtoto wa kiume wa pili, Masereka wa tatu na Kule wa nne, na Wajapani nao walikuwa na Ichirō, Jirō na Saburō kwa mpangilio huohuo, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayejenga ukoo juu ya jambo hilo. Watu waishio chini ya mlima mkubwa, wanaouhitaji na kuuogopa kwa wakati mmoja, huweza kufikia mawazo yanayokaribiana bila kuambiana.

Jambo la maana zaidi ni maelezo ambayo msomi wa Kijapani Yanagita Kunio, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufa mwaka 1962, aliyatoa kuhusu viumbe hawa. Yanagita, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa taaluma ya mapokeo ya watu nchini mwake, aliandika mwaka 1917 kwamba vinyago na mazimwi yenye jicho moja ni miungu iliyoshuka daraja. Alikisia kwamba hapo kale palikuwa na mtu aliyechaguliwa kuwa wa mungu, akatobolewa jicho na kulemazwa mguu ili asikimbie kabla ya siku ya kafara, na kwamba desturi hiyo ilipokoma kumbukumbu yake ilibaki ikitangatanga bila maelezo, mpaka ikawa hadithi ya kuwatishia watoto. Wengine baada yake waliihusisha sura hiyo na wahunzi, ambao jicho lao huharibiwa na kutazama tanuri na mguu wao na kukanyaga mivukuto. Dhana ya kafara haijapata kuthibitishwa na ina dalili za kupendezwa mno na damu, lakini wazo kuu lililo chini yake lina nguvu: zimwi ni mungu aliyepoteza watu wa kumtunza. Kwa maneno mengine, ushirikina si aina ya imani iliyozaliwa duni, ni imani iliyobaki baada ya jamii, masharti na wajibu uliokuwa umeizunguka kuondoka.

Kinyume chake alisimama Inoue Enryō, mwana wa kasisi wa Kibuddha na mwanafalsafa aliyeanzisha mwaka 1887 shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Tōyō jijini Tokyo. Inoue aliikusanya mizimu, mbweha wenye kujigeuza watu na mianga ya usiku, akaifanyia uainishaji kama wa mimea, akazunguka nchi nzima akihutubia ili watu waache kuamini upuuzi. Watu wakamwita daktari wa mazimwi. Hakuwa mkana Mungu, kwa kuwa alishikilia kwamba ukiondoa udanganyifu, makosa ya macho na mambo yanayoelezeka kwa sayansi, hubaki ajabu moja ya kweli, ile ya kuwako kwa vitu vyote, na hiyo ndiyo inayostahili heshima ya dini. Kazi yake ilikwenda sambamba na ya dola. Serikali ya Meiji ilikuwa imekwisha kutenganisha kwa amri ibada za Shinto na Ubuddha mwaka 1868, na mwaka 1873 ikapiga marufuku wanawake waganga waliopandisha pepo na kusema kwa sauti za wafu. Yaliyofanywa na wamisionari na wakuu wa wilaya katika Afrika Mashariki, huko Japani yalifanywa na Wajapani wenyewe, kwa haraka zaidi na kwa hoja zilezile za maendeleo.

Kati ya Yanagita na Inoue, nani yuko karibu na haki? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kupima kama mizimu ipo au haipo, kwani kwa kipimo hicho dini zote zitaingia mahakamani pamoja na hakuna itakayotoka na ushahidi wa kumridhisha mpinzani wake. Kuna kipimo kingine, rahisi kutamka ingawa si rahisi kutumia, nacho ni kuuliza gharama ya imani inalipwa na nani. Ziko imani zinazomfunga anayeamini: humnyima mnyama, humzuia asikate mti, humtaka arudishe sehemu, humkalisha nyumbani siku ambayo angependa kwenda. Na ziko imani zinazomfunga mwingine: mkwe asiyetakiwa, mtoto aliyezaliwa siku mbaya, mjane mwenye macho mekundu. Aina ya kwanza, hata kama ina vituko vya samaki mkavu, ina haki ya kuitwa dini. Aina ya pili ni ushirikina hata ikiwa imevaa joho la kanisa au kilemba.

Japani inatoa mfano ambao hauhitaji kupambwa. Katika kalenda ya kale iliyotoka China, ambayo huunganisha wanyama kumi na wawili na elementi tano, kila baada ya miaka sitini hufika mwaka wa Farasi wa Moto, hinoeuma, na imesemwa kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo huwa mkali na humla mumewe, yaani mume hufa mapema. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na kisa cha Oshichi, binti wa muuza mboga wa jiji la Edo aliyechomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha moto ili apate kumwona kijana aliyempenda, na ambaye ilisemwa alizaliwa mwaka wa namna hiyo. Mwaka 1966, wakati Japani tayari ilikuwa na treni ziendazo kasi kuliko zote duniani na imekwisha kuandaa Michezo ya Olimpiki, mwaka huo ulirudi. Watoto waliozaliwa walikuwa takriban milioni 1.36, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa milioni 1.82, upungufu wa robo nzima. Ni muhimu kutambua kwamba wengi wa wazazi walioahirisha uzazi hawakuamini kwamba binti yao angemuua mtu. Waliamini kwamba wengine wataamini, na kwamba siku ya posa familia ya kijana itauliza mwaka. Ushirikina wa aina hii hauhitaji muumini hata mmoja wa dhati, maana hujiendesha kwa hofu ya maneno ya jirani, na elimu ya Inoue, iliyokuwa imefundishwa shuleni kwa vizazi viwili, haikuufikia. Mwaka 2026 ndio zamu yake nyingine.

Ukatili zaidi ulikuwa katika imani ya familia zenye mbweha. Katika eneo la Izumo watu waliamini kwamba nyumba fulani hufuga mbweha wasioonekana, ambao huwaibia wengine mali na kuwaletea wazimu, na katika kisiwa cha Shikoku mbwa walichukua nafasi ya mbweha. Sifa hiyo ilirithiwa na watoto, hivyo aliyeoa katika nyumba hiyo alihesabiwa naye kuingia, na ndoa zilivunjwa kwa ajili yake hata baada ya vita vya pili vya dunia. Watafiti wamebaini kwamba mara nyingi waliotuhumiwa walikuwa watu waliotajirika karibuni, ambao mafanikio yao kijiji kilihitaji kuyaeleza. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji mkalimani hapa. Wazee wa kike wa Usukuma waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa miaka mingi jikoni, na watu wenye ualbino waliowindwa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni watu waliolipa gharama ya imani za wengine. Katika vijiji vya Kasese pia, kifo cha ghafla cha kijana au biashara inayostawi kupita kiasi huweza kuibua jina la jirani. Sheria yenyewe ya mwaka 1957 ilikuwa na kasoro ya aina hiyo, kwa kuwa iliruhusu mtu aliyetiwa hatiani kufukuzwa kwao kwa miaka mingi baada ya kifungo, mpaka Mahakama ya Katiba mwaka 1997 na Mahakama ya Juu mwaka 1999 zilipoona kwamba amri ya kumtenga mtu na nyumba yake na shamba lake inapingana na Katiba.

Upande wa pili wa mizani uko juu ya vilima. Nchi ya Wakonzo imegawanywa kwa migongo ya milima, na kila mgongo, ulio kati ya mto na mto, una mkuu wake wa jadi, isemalhambo, ambaye kazi yake imekuwa kusimamia ardhi, kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kuongoza matambiko ya eneo lake. Utaratibu huo ni wa zamani kuliko Obusinga bwa Rwenzururu, yaani ufalme uliotokana na uasi ulioongozwa na Isaya Mukirane kuanzia mwaka 1962 na kutambuliwa rasmi na serikali mwaka 2009. Chini ya wakuu wa vilima, kulikuwa na vichaka visivyokatwa, chemchemi zisizochezewa na wanyama ambao ukoo fulani hauwagusi kwa kuwa ni mwiko wao. Hakuna aliyeziita shughuli hizo uhifadhi wa mazingira.

Serikali ya kikoloni ilipoufanya mlima kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1941, na serikali ya Uganda ilipoufanya hifadhi ya taifa mwaka 1991, masharti ya Kithasamba na Kalisya yaliwekwa kando na masharti ya askari wa wanyamapori yakachukua nafasi. Mzee aliyekwenda kutambika akawa mvamizi kisheria, katika mahali ambapo babu zake walikuwa ndio walinzi. Ilichukua miaka mingi kabla ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International, kukaa na wenyeji na kukubali kwamba maeneo ya matambiko yaliyo ndani ya hifadhi ni sehemu ya ulinzi wake.

Mtu wa Japani aliyelisema jambo hilo mapema kuliko wote ni Minakata Kumagusu, mwanabiolojia wa ukungu-ute, viumbe wadogo waishio kwenye magogo yanayooza. Serikali yake ilipoanza mwaka 1906 kuunganisha mahekalu madogo ya vijiji ili kila eneo libaki na moja lenye heshima, mahekalu yapatayo 70,000 yalifutwa katika miaka iliyofuata, na vichaka vilivyoyazunguka, ambavyo havikuwahi kuguswa kwa sababu ya mungu aliyekaa humo, vikauzwa kama mbao. Minakata alipinga kwa makala, kwa barua na kwa fujo iliyompeleka rumande mwaka 1910. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimwondoa mungu kwenye kichaka, umeondoa kichaka, na pamoja nacho ndege, wadudu, chemchemi na mahali ambapo wanakijiji hujikuta kuwa watu wamoja. Hakuna katika hoja hiyo sentensi inayohitaji mtu aamini kwamba mungu yumo.

Mambo huwa magumu yanapokuja maafa, kwa kuwa maafa hutaka mtu wa kulaumiwa. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika kutoka mlimani, ukabeba mawe makubwa kama nyumba, ukaharibu hospitali ya Kilembe na makazi ya bonde zima, na mwezi Mei 2020 mafuriko yakarudia. Wanasayansi walieleza kwamba, pamoja na mvua, moto uliounguza uoto wa juu wa mlima mwaka 2012 uliiacha ardhi bila kitu cha kuyashika maji. Kwa wazee wa mila, mafuriko ni dalili kwamba mlima umekosewa. Wasomi wa eneo hilohilo waliochunguza fikra za Wayira kuhusu mafuriko wameonyesha kwamba maelezo haya mawili hayagombani katika vichwa vya watu kama yanavyogombana vitabuni, na ukichunguza utaona kwamba yote mawili yanamnyooshea kidole binadamu aliyeingia mahali asipotakiwa na kuwasha alichokiwasha. Mpaka hapo imani inabaki katika aina ya kwanza. Ikifika hatua ya kusema kwamba mkosaji ni ukoo fulani au kabila fulani la bondeni, imehamia aina ya pili, na hatua hiyo huchukuliwa kwa usiku mmoja.

Wakazi wa Edo walipitia njia hiyo mwaka 1855, tetemeko kubwa lilipoubomoa mji wao katika mwezi wa kumi wa kalenda yao. Iliaminika kwamba chini ya ardhi amelala kambare mkubwa, namazu, aliyekandamizwa kwa jiwe na mungu wa Kashima, na kwamba katika mwezi huo miungu yote huenda Izumo mkutanoni, hivyo mlinzi hakuwepo zamu. Wachapaji walitoa picha za kambare huyo kwa mamia. Katika baadhi yake wananchi wanamtwanga kwa marungu huku maseremala na wapiga plasta wakimtetea, kwa kuwa ndio waliopata kazi baada ya nyumba kuanguka, na katika nyingine matajiri wanatapika sarafu zao ili maskini waokote. Hapa mzimu wa chini ya ardhi umegeuka kuwa mhakiki wa jamii, na gharama imerudi kwa wenye nguvu. Si kila jamii iliyokumbwa na maafa imeweza kucheka kwa namna hiyo.

Ubaya mkubwa hutokea imani inapochukuliwa na wanaotafuta madaraka. Tufani zilizozamisha majeshi ya Wamongoli mwaka 1274 na 1281 ziliitwa upepo wa miungu, shukrani ya taifa lililookoka, lakini mwaka 1944 jina hilohilo walipewa vijana waliorushwa na ndege zao kwenye meli za Wamarekani wasirudi. Maji ya Kinjikitile huko Ngarambe yalianza kama tiba na ahadi ya umoja, na kati ya mwaka 1905 na 1907 watu wa kusini mwa Tanganyika wakayabeba mbele ya bunduki za Wajerumani. Katika mashambulizi ya Julai 2014 wilayani Kasese na Bundibugyo, taarifa za wakati huo zilisema kwamba baadhi ya vijana waliovamia vituo vya polisi na kambi za jeshi waliahidiwa kwamba hirizi zitawakinga na risasi. Katika kila kisa mwenye kutoa ahadi na mwenye kufa hawakuwa mtu mmoja, na hapo kipimo cha gharama hakihitaji maelezo.

Kipimo hicho, hata hivyo, kina mahali kinapoyumba. Kilele cha Sanjōgatake katika milima ya Ōmine kimefungwa kwa wanawake mpaka leo kwa sababu ya ibada za wacha-mlima wa Kijapani, ingawa serikali ilifuta makatazo ya namna hiyo kwingineko mwaka 1872. Wanaume wanaoshika masharti hayo hujinyima mengi wao wenyewe, lakini sehemu ya mzigo wameiweka juu ya watu ambao hawakuulizwa. Ni imani ya aina zote mbili kwa pamoja, na jawabu la haki ni kwamba sehemu moja iheshimiwe na nyingine iulizwe maswali, hata kama inaudhi. Wakonzo nao wana la kuwauliza wengine. Barafu ya Rwenzori, iliyokadiriwa kufikia kilomita za mraba zipatazo saba wakati msafara wa Mwitaliano aliyeitwa Duke wa Abruzzi ulipofika vileleni mwaka 1906, leo haifiki hata moja. Anayeiyeyusha nyumba ya Kithasamba ni moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, Japani ikiwemo, ambazo mwiko wa isemalhambo hauna mamlaka juu yake, na hakuna mbuzi anayeweza kuchinjwa Kilembe kwa kosa lililofanyika huko.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kufanywa bila kusubiri viwanda hivyo. Shirika la UNESCO liliiingiza Rwenzori katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994 kwa vigezo vya maumbile peke yake, yaani uzuri wa mandhari na wingi wa viumbe. Mlima Fuji uliingizwa mwaka 2013 kama mahali patakatifu na chemchemi ya sanaa, milima ya Kii ya Ippon-datara ilitangulia mwaka 2004, na jirani hapa Kenya misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda ilikubaliwa mwaka 2008 kwa sababu ya mizimu na wazee wake. Wala si lazima mlima ubaki na hati yake ya kwanza, kwani Tongariro ya New Zealand, iliyoandikwa mwaka 1990 kwa maumbile, iliandikwa upya mwaka 1993 kwa utamaduni pia, baada ya dai la Wamaori kwamba vilele hivyo ni wazee wao. Serikali ya Uganda na Obusinga, pamoja na majimbo ya kanisa yaliyoko Kasese kama yataona vyema, wana sababu ya kutosha ya kuomba vivyo hivyo kwa ajili ya Rwenzori, na wakuu wa vilima kutoka Bugoye hadi Bwera wanapaswa kuwa wa kwanza kuketi mezani faili hilo litakapofunguliwa.